Mwalimu Anajibu: Waliochimba kaburi ni wenyewe

*Swali: Baba Mwalimu, jambo. Mimi ni mwanafunzi wa sheria, ninakaa Katuba hapa Lubumbashi. Prof wetu alitaja mbiombio kwamba Ayalandi iliwahi kufuta Seneti yake mwaka 1936, halafu akaendelea na somo. Sisi wa viti vya nyuma tumebaki kubishana. Mwenzangu anasema haiwezekani, maana Seneti nayo hupiga kura, na hakuna anayejichimbia kaburi. Nani anasema kweli?*

Mwanangu, mwambie mwenzako kwamba kaburi walichimba wenyewe. Ni siku ya kusukumwa ndani tu ndipo walipokataa.

Seneti hiyo ilianza Desemba 1922, nchi ilipotoka tu mikononi mwa Waingereza. Ilikuwa na wajumbe 60. Nusu waliteuliwa na W. T. Cosgrave, mkuu wa serikali, na nusu walichaguliwa na baraza la chini, ambalo wao huliita Dáil. Cosgrave aliwaweka humo wengi ambao kwa kura za mtaani wasingepita: makabaila wa Kiprotestanti, matajiri wa benki, na mshairi W. B. Yeats. Alitaka wale wachache waliokuwa wakubwa zamani wasijione wametupwa nje ya nchi mpya. Kiti hicho kilikuwa na bei yake. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikuwa vinaendelea, na nyumba zaidi ya 30 za masenata zilichomwa au kubomolewa.

Niruhusu nipotee njia kidogo, maana kisa hiki nakipenda. Januari 1923 watu wenye bunduki walimkamata Oliver St John Gogarty, daktari na senata, wakampeleka kwenye nyumba iliyo kando ya mto Liffey. Akawaponyoka, akaruka majini kwenye baridi ile ya Januari, akaogelea hadi akaokoka. Humo mtoni aliuahidi mto kwamba akipona atauletea mabatamaji wawili. Mwaka uliofuata alikuja nao kweli, na Yeats na Cosgrave wakaja kushuhudia deni linalipwa.

Turudi kwenye kaburi. Katiba ya 1922 ilikuwa na kufuli mbili. Ya kwanza: sehemu tatu kwa tano ya masenata waliweza kudai mswada upelekwe kwa wananchi, waupigie kura ya maoni. Ya pili: Bunge liliruhusiwa kubadilisha Katiba kwa sheria ya kawaida kwa miaka 8 tu. Baada ya hapo, badiliko lolote lingehitaji kura ya wananchi wote.

Mwaka 1928 Éamon de Valera, mpinzani wa Cosgrave, alikuwa anakusanya saini za wananchi ili atumie mlango huo wa kura ya maoni kuondoa kiapo cha utii kwa mfalme wa Uingereza. Serikali ikaogopa, ikaufuta mlango wote, haki ya saini za wananchi pamoja na ile ya masenata. Mwaka 1929 ikaongeza ile miaka 8 ikawa 16. Na Seneti? Ilipitisha yote mawili. Serikali ilikuwa ya watu wao, kwa hiyo hawakuona hatari. Badala yake walipewa uwezo wa kuchelewesha mswada miezi 20, ambapo zamani ilikuwa karibu miezi 9. Walitoa kufuli, wakapewa saa ya ukutani.

Usiwacheke. Mimi pia nimefanya hivyo, na daftari lipo. Chama chetu cha familia kilikuwa na wazee watano, mmoja wao mimi, na statuti ilisema makuta hayatoki bila sisi kuyatazama wiki mbili, isipokuwa ya kilio. Mweka hazina alipokuwa mkwe wangu, tulichoka kuitwa kila mara. Tukaandika kwa kalamu nyekundu kwamba statuti inaweza kubadilishwa na nusu ya waliohudhuria na mmoja juu. Sahihi yangu ni ya pili kutoka chini, na imepakwa mafuta ya samaki kwa sababu tulikuwa tunakula bukari. Baada ya miaka mitatu ikaja komite mpya, vijana watupu. Jumapili moja saa tisa wakatuondoa wazee wote watano kwa mstari ule ule wa kalamu nyekundu, nasi tukiwa tumekaa pale pale.

De Valera aliingia madarakani Machi 1932. Tangu 1928 alikuwa amesema wazi kwamba dawa ya Seneti ni kuimaliza, si kuitengeneza. Akaleta mswada wa kuondoa kiapo; masenata wakaubadilisha wakitaka kwanza wapatane na London. Akaitisha uchaguzi Januari 1933, akapata viti 77 kati ya 153, na kiapo kikaondoka mwaka huo huo. Kisha akaleta sheria ya kukataza sare za vyama, iliyowalenga Mashati ya Buluu, kundi la Eoin O'Duffy, yule kamanda wa polisi ambaye De Valera alikuwa amemfukuza kazi. Tarehe 21 Machi 1934 Seneti ikaikataa. Tarehe 22 Machi, kesho yake tu, mswada wa kuifuta Seneti ulikuwa umefika Dáil.

Juni 1934 Seneti ikaukataa huo pia, na saa ya ukutani ikaanza kuhesabu. Hebu fikiri: karibu miaka miwili mnakuja kazini, mnasoma miswada, mnarekebisha maneno, na siku yenu inajulikana. Walikaa mara ya mwisho tarehe 19 Mei 1936. Tarehe 29 sheria ikatiwa sahihi. Ilikuwa sheria ya kawaida, ndani ya ile miaka 16, na hakuna mwananchi aliyeulizwa.

Humo kulikuwa na mama mmoja ambaye sisi Wakongomani tungepaswa kumfahamu: Alice Stopford Green, mwanahistoria. Alikuwa rafiki mkubwa wa Roger Casement, yule konseli wa Uingereza aliyeandika ripoti ya 1904 juu ya mikono iliyokatwa kwa ajili ya mpira wa Leopold. Mwaka 1924 aliizawadia Seneti kisanduku cha thamani kilichofanywa na sonara Mia Cranwill, chenye umbo la kikanisa cha kale cha mawe kilichoko Gallarus. Ndani yake mna ngozi iliyoandikwa majina ya masenata wa kwanza. Aliomba kiwekwe mezani kila kikao kinapofunguliwa. Mama huyo alifariki 1929, hakuona mwisho. Kisanduku kilipelekwa Royal Irish Academy mjini Dublin, na mpaka leo kiko huko.

Sehemu iliyobaki ni fupi. Desemba 1936 mfalme wa Uingereza alipojiuzulu, De Valera alimtoa mfalme kwenye Katiba kwa siku mbili, maana hakukuwa na wa kumchelewesha. Lakini Katiba yake mwenyewe ya 1937 ikarudisha Seneti, ya watu 60 tena. Sasa 11 kati yao huteuliwa na mkuu wa serikali, na mswada wa kawaida wanaweza kuuzuia siku 90 tu. Safari hii alitia kufuli ya kweli: kuigusa Katiba lazima wananchi wapige kura. Mwaka 2013 serikali ya Enda Kenny iliomba Seneti ifutwe. Wananchi wakakataa, asilimia 51.7 dhidi ya 48.3.

*Swali la pili, la mama wa Kampemba: Je, sisi Kongo tuliwahi kukaa bila Seneti?*

Ndiyo, mama yangu, na kwa muda mrefu kuliko wao. Ya kwanza ilikuwa ile ya 1960, chini ya Joseph Iléo. Katiba ya Mobutu ya 1967 ikabakiza baraza moja, na Seneti ikarudi 2003, wakati wa mpito. Siku hizi masenata wanachaguliwa na mabunge ya majimbo. Kuhusu kama inaweza kufutwa tena, yule kijana wa Katuba akusomee ibara ya 218, inayoeleza njia ya kubadilisha Katiba, halafu ya 220, inayotaja mambo yasiyoguswa kamwe. Idadi ya mihula ya rais imo. Neno Seneti halimo.