Finali ya chuo iwafikie mama zetu

SWALI: Mama Mkunga, hodi. Mimi ni katibu wa kamati ya michezo katika chuo kimoja hapa Lubumbashi. Finali ya basketi ya wasichana imekaribia, na tunataka kuitumia kuhamasisha watu wapimwe saratani. Wenzangu wanapendekeza jezi za rangi ya waridi, ile ya kampeni za saratani ya titi, kama vyuo vya Marekani, hema la kupimia pembeni ya uwanja, na daktari atoe hotuba wakati wa mapumziko. Unatushauri nini?
Binti yako, Kamalondo

JIBU: Karibu, binti yangu. Wazo lenu nalipenda sana, maana uwanjani watu huja wenyewe bila kuitwa. Lakini angalia nani watajaa pale: vijana wa miaka 20. Hao si wa kupimwa saratani ya mlango wa kizazi. Katika umri huo virusi vya HPV, vinavyoleta saratani hiyo, huingia, na mara nyingi mwili huviondoa wenyewe ndani ya miaka miwili. Ukiwapima utawatia hofu bure. Shirika la Afya Duniani linashauri kuanza kwenye miaka 30, au 25 kwa mwanamke anayeishi na virusi vya UKIMWI. Basi mnayemtafuta ni mama wa mchezaji, shangazi yake, na yule mama anayeuza mikate njiani Kasapa.

Jezi za waridi sizikatai. Ila kule Marekani nyuma ya rangi hiyo alikuwepo mtu: Kay Yow, kocha wa wasichana wa North Carolina State. Aligunduliwa na saratani ya titi mwaka 1987, mwaka uliofuata akaiongoza timu ya taifa kutwaa dhahabu ya Olimpiki Seoul, akafariki Januari 2009. Watu walimjua, wakampenda. Nanyi tafuteni mama wa hapa aliyetibiwa na anayekubali kusema mbele za watu. Asipotaka, msimbembeleze.

Hema silitaki kabisa. Nimeshaona mama akiambiwa uwanjani kwamba ana alama ya hatari kwenye mlango wa kizazi, kisha anapewa karatasi ya "kwenda hospitali kubwa", bila kuambiwa ipi wala kwa nani. Afadhali mpatane kwanza na kituo cha afya chenye mkunga aliyefundishwa kazi hii na mashine ya kutibu alama hizo kwa baridi au joto. Kipimo chenyewe hakichukui muda: mama analala, mkunga anapaka asidi ya siki iliyopimwa nguvu yake kwenye mlango wa kizazi, anangoja dakika moja, anamulika. Pakigeuka peupe, mara nyingi hutibiwa siku hiyo hiyo. Aliye kwenye siku zake apangiwe siku nyingine. Aliyekoma hedhi siki haimfai sana, kwa sababu sehemu inayotazamwa imeshaingia ndani. Huyo atafutiwe kipimo cha HPV.

Hotuba ya daktari wakati wa mapumziko hakuna atakayeisikiliza, wote watakuwa wamekwenda kununua maji. Kapteni ndiye aseme, kabla mpira haujarushwa: nani apimwe, wapi, siku gani, kwa franka ngapi. Bei msiifiche. Mama wa mtaa wa Katuba anayehesabu pesa ya unga akishtukizwa mezani, harudi tena, na jirani zake hawaji. Kisha kila mchezaji achague mama mmoja na amsindikize mwenyewe hadi kituoni, akae naye kwenye benchi. Wengi wanaogopa kwenda peke yao kuliko wanavyoogopa kipimo.

Vijana wenyewe nao wasitoke mikono mitupu. Wasichana waambiwe wasinyamazie uvimbe kwenye titi, ngozi iliyobonyea au chuchu inayotoa damu. Wavulana wa timu zenu nao, maana saratani ya korodani huwapata hasa vijana: korodani ikiwa na uvimbe mgumu, hata usiouma, waende wakaonwe wiki hiyo hiyo. Wataona aibu, kocha wao mwanaume awaambie chumba cha kubadilishia nguo, mlango ukiwa umefungwa.

Mkishapatana na kituo, niandikie siku yenyewe. Nitakuja na dada zangu wa kanisani, na wote wamepita 30.