Usimtoe mama Uvira kwa mtungi mmoja wa oksijeni

Ndugu yangu, usimpandishe mama yako kwenye hilo gari. Umeandika kwamba ana nimonia kali, kwamba anavuta oksijeni lita 10 kwa dakika, na kwamba dereva amekuhakikishia kuwa mtungi mmoja uliojaa utamfikisha Bukavu kwa saa 3. Kisha ukauliza bei ya kukodi gari na saa nzuri ya kuondoka. Neno hilo hilo, «umejaa», niliambiwa mimi pia, na nililiamini.

Mimi ni muuguzi hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo. Nilitumwa Uvira kumchukua mzee mmoja aliyekuwa na hali kama ya mama yako. Mtungi ulikuwa wa ujazo wa lita 10, na mshale wa manometa, yaani kipimo cha shinikizo la gesi mtungini, ulisimama kwenye bari 150. Niliuona mshale, nikaridhika, nikafunga mlango. Laiti ningezidisha namba hizo mbili, ningejua kwamba mtungini mlikuwa na lita 1,500 tu, ambazo kwa lita 10 kwa dakika huisha baada ya dakika 150, hata kama kila kitu kitakwenda sawa.

Hakikwenda sawa. Tulifika Kamanyola baada ya saa moja na nusu, lita 900 zikiwa zimekwisha. Uvira iko kwenye mita 770 na kitu hivi juu ya usawa wa bahari, na Bukavu iko karibu mita 1,500. Kadiri mnavyopanda, hewa inazidi kuwa nyepesi, na mapafu yaliyokwisha kuchoka yanapata oksijeni pungufu kwa kila pumzi. Tulipoanza kupanda mlima wa Ngomo, kipimo cha kidoleni, kinachoonyesha oksijeni kwenye damu, kilishuka kutoka asilimia 91 hadi 83, nikalazimika kuongeza hadi lita 15. Lita 600 zilizobaki zikawa dakika 40. Zilituishia nyuma ya lori lililokwama kwenye tope na kuziba njia.

Ule mfuko ulio chini ya barakoa, ambao hujaa na kunywea mgonjwa anapovuta pumzi, ulinywea na haukujaa tena. Nilichukua ambu, ule mfuko unaominywa kwa mkono kumpulizia mgonjwa hewa, nikaanza kumpulizia hewa ya kawaida, yenye oksijeni asilimia 21 tu, huku binti yake akiniuliza kwa nini midomo ya baba yake inageuka rangi ya samawati. Tulimfikisha akiwa hai, lakini alifariki usiku wa pili.

Hadi leo nina hasira na msimamizi wa magari aliyeniambia «umejaa» bila kuuliza mgonjwa anavuta lita ngapi. Mtungi unaomtosha mgonjwa wa lita 2 kwa safari nzima huenda usimfikishe mgonjwa wa lita 15 hata nusu ya njia, na mtu anayepeleka wagonjwa kila wiki anapaswa kulijua hilo kuliko anavyojua mashimo ya barabara.

Kwa hiyo piga hesabu kabla injini haijawashwa. Ujazo wa mtungi umegongwa kwenye bega lake. Uzidishe kwa bari zinazoonyeshwa na manometa, kisha ugawe kwa lita 15, si kwa zile 10 anazovuta sasa akiwa ametulia kitandani. Dakika utakazopata ziwe mara mbili ya muda wa safari. Kwa saa 3 unahitaji lita 5,400, yaani mitungi 4 kama ule wangu, pamoja na ufunguo wa kubadilishia na ambu iliyo karibu na mkono wa muuguzi. Ikiwa mitungi hiyo haipatikani, mama abaki alipo, akalishwe kwa kuinuliwa mgongo, mpaka ipatikane.

Nenda sasa hivi ukausome huo mtungi, uniandikie namba ya begani na namba ya manometa. Niko zamu usiku kucha, na nitakuhesabia mara moja.