Ripoti mbili za karotidi zinapopishana: tazama kasi na pembe kabla ya asilimia

Mkuu, umesema ni mgonjwa mmoja wa kiharusi, karotidi ile ile ya kulia (mshipa mkubwa wa shingoni unaopeleka damu kichwani), ndani ya wiki moja, ila ripoti ya kwanza inasema ufinyu wa 50–69% na ya pili zaidi ya 70%. Kabla ya kutafuta nani kakosea, jua kwamba kwenye ufinyu wa kiwango hiki asilimia haitoki moja kwa moja kwenye kipimo. Altrasaundi inapima kasi ya damu, halafu asilimia inakisiwa kwenye jedwali. Omba namba zenyewe: PSV (kasi ya juu moyo unaposukuma), EDV (kasi ya mwisho moyo unapolegea) na uwiano wa PSV ya karotidi ya ndani kwa ile ya karotidi kuu.

Jedwali linalotumika sana ni la makubaliano ya wataalamu wa radiolojia wa Marekani, 2003. PSV ya sm 125 hadi 230 kwa sekunde ni 50–69%. Ikizidi 230, uwiano ukizidi 4 na EDV ikizidi 100, ni 70% au zaidi.

Hapo ndipo pembe inapoharibu mambo. Mstari wa pembe ulazwe sambamba na mtiririko wa damu, na pembe kati ya mtiririko huo na mawimbi ya altrasaundi isizidi digrii 60. Tuseme pembe halisi ni 60 na kasi ya kweli ni 190. Ukiuweka mstari kwenye 65, mashine itakupa kama 225. Ukiuweka kwenye 70 itakupa 278, na kwa PSV mgonjwa amehamia kundi la 70% au zaidi bila mshipa kubadilika hata kidogo. Kosa hilo hilo la digrii 5 ukiwa kwenye 45 linaongeza takribani 10% tu. Kwa hiyo, kwenye picha za ripoti zote mbili, soma pembe kwanza.

La pili ni mahali pa kupimia. Karotidi kuu ipimwe sm 2 hadi 3 chini ya panda (pale inapogawanyika kuwa karotidi ya ndani na ya nje), kwa sababu karibu na panda mshipa unatanuka, kasi inashuka na uwiano unapanda kwa uongo. Kwenye ufinyu, geti (kidirisha kinachochagua mahali pa kupima kasi) liwe dogo, mm 1.5 hadi 2, lisogezwe polepole kutoka chini ya plaki (utando wa mafuta ukutani mwa mshipa) hadi juu yake, na ichukuliwe kasi kubwa kuliko zote. Anayepima sehemu moja na kuondoka mara nyingi anaikosa. Plaki yenye chokaa nyingi hutupa kivuli, na ufinyu wenyewe unaweza kuwa humo ndani. Basi andika kwamba hapakuonekana, usikisie.

Wapo pia wanaochanganya karotidi ya ndani na ya nje. Gongagonga kwa kidole mshipa ulio mbele ya sikio: wimbi la karotidi ya nje litatetemeka. Ya nje pia ina matawi shingoni. Ya ndani haina.

Kasi ndogo nayo isikufariji. Mshipa uliokaribia kuziba kabisa unaweza kutoa PSV ya chini, jedwali likasema hali si mbaya. Punguza PRF (kipimo cha kasi cha mashine), ongeza geini (nguvu ya mawimbi yanayopokelewa), washa power Doppler (hali inayoonyesha hata mtiririko hafifu) utafute uzi wa damu kabla ya kuandika kwamba umeziba, maana uliozibika kabisa kwa kawaida haufanyiwi upasuaji. Moyo dhaifu hushusha kasi pande zote, hapo uwiano unasaidia zaidi. Karotidi ya upande wa pili ikiwa imeziba, huu wa kulia hubeba damu zaidi na kasi hupanda kuliko ufinyu wenyewe.

Hakikisha pia wote wanahesabu kwa njia ya NASCET, inayolinganisha sehemu finyu na mshipa mzima ulio juu yake. Kwa njia ya ECST, inayolinganisha na upana wa awali unaokisiwa wa mahali hapo hapo, ufinyu ambao NASCET inauita 50% husomeka karibu 70%. Ukiniuliza, ripoti isiyotaja njia haijakamilika.

Kama udhaifu wa mgonjwa uko upande wa kushoto wa mwili, karotidi hii ya kulia inahusika, na namba zikibaki zinapishana fanya CT ya mishipa kuanzia upinde wa aota hadi ndani ya fuvu. Altrasaundi ya shingo haioni mishipa ya ndani ya kichwa. Usiisubirishe: faida ya upasuaji wa kusafisha karotidi (kuondoa plaki) ni kubwa zaidi ndani ya siku 14 tangu dalili, na kwa wenye 50–69% hupungua haraka baada ya hapo.