Mwendo ushushwe na barabara yenyewe

Swali la juma hili limetutaka wasomaji tueleze nini kifanyike mitaani kwetu ili madereva, wapanda baiskeli na waenda kwa miguu watumie barabara moja bila kuumizana. Jibu langu ni kwamba mwendo wa vyombo vya moto ushushwe katika mitaa wanamoishi watu, na ushushwe kwa namna barabara ilivyojengwa, kwa sababu mawaidha tumeyatoa miaka mingi na bado tunazika.

Ninafundisha shule ya msingi wilayani Temeke, Dar es Salaam. Kila mwaka huwafundisha watoto kutazama kulia, kushoto, kisha kulia tena kabla ya kuvuka, nao hulishika somo hilo vizuri. Asubuhi moja mwaka jana nilikuwa nao kwenye kivuko chenye mistari iliyofifia. Daladala ilisimama, konda akatoa mkono dirishani kuwaashiria wapite, nao wakaanza kuvuka. Bodaboda iliyokuwa nyuma ikachomoka upande wa kulia kuipita ile daladala. Nilimdaka mtoto wa darasa la pili kwa mkanda wa begi, na kiatu chake kimoja kikabaki juu ya mstari mweupe. Mtoto yule alikuwa amefanya kila nililomfundisha, ila kwa kimo chake asingeweza kuona kilichojificha nyuma ya daladala, wala dereva wa bodaboda asingeweza kumwona yeye.

Sheria yetu ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inaweka kikomo cha kilometa 50 kwa saa kwenye maeneo ya makazi. Kwa mwendo huo chombo hukata takribani mita 14 kwa sekunde moja, yaani kabla dereva aliyeshtuka hajakanyaga breki sawasawa. Kwa kilometa 30 hukata mita 8 tu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu milioni 1.19 hufa kila mwaka kwa ajali za barabarani, zaidi ya nusu yao wakiwa waenda kwa miguu, wapanda baiskeli na wanaotumia pikipiki, na kwamba hakuna kinachoua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 kuliko ajali hizo. Kwa hiyo karibu na shule, zahanati na soko, kilometa 30 ndiyo ingekuwa kiwango cha juu.

Hayo yanawezekana, na ushahidi uko hapahapa. Shirika la Amend limeendesha jijini Dar es Salaam mradi wa SARSAI, ambao wataalamu wake huchunguza njia wanazopita watoto kwenda shule, kisha hujenga njia za miguu, vivuko, matuta na nguzo za kuzuia magari yasipande pembeni. Mwaka 2019 mradi huo ulipata tuzo ya kimataifa ya miji inayotolewa na taasisi ya utafiti ya World Resources Institute. Vifaa vyake ni vya kawaida kabisa: saruji, kokoto na rangi.

Hapa niseme jambo kuhusu matuta. Baada ya ajali, wananchi wenye uchungu hujijengea tuta kwa usiku mmoja, refu na lisilo na rangi wala alama. Kesho yake mpanda baiskeli anayepeleka mikate alfajiri, gizani, hulivaa na kuanguka. Tuta lijengwe kwa vipimo, lipakwe rangi, na kibao kiwekwe mbele yake.

Mpanda baiskeli naye tumemsahau. Hukaa ukingoni kwa heshima, lakini ukingo wa lami umemeguka, hivyo hulazimika kuingia ndani kidogo, na hapo ndipo hupigiwa honi kana kwamba amekosea. Madereva tumwachie walau mita moja na nusu tunapompita, naye asiendeshe usiku bila taa.

Ama njia za miguu, pale zilipo, zimekaliwa na pikipiki zinazosubiri abiria, magenge ya nyanya na mifuko ya saruji ya maduka ya vifaa vya ujenzi, na mama mwenye mtoto mgongoni hushuka barabarani. Siungi mkono kuwafukuza wanaotafuta riziki. Serikali ya mtaa ikae na viongozi wa vijiwe vya bodaboda na wenye magenge, iwatengee mahali panapofahamika, kisha njia ibaki wazi.

Kutoka geti la shule yetu hadi kile kivuko nimehesabu hatua 160, na hakuna hata tuta moja. Katika mkutano ujao wa mtaa nitaomba mawili, kila upande wa kivuko moja, pamoja na rangi mpya ya mistari, na wazazi kadhaa wameahidi kusimama nami.