Kwa mnaoanza kuandika dikoda za LDPC

Wadogo zangu wa MUST (Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya) mliochagua mradi wa LDPC (low-density parity-check), misimbo ya kusahihisha makosa ya mawasiliano, karibuni. Dikoda ndiyo inayofanya usahihishaji huo upande wa kupokea. Njooni na masweta, Mbeya ya Juni haina huruma.

Fomula ya kitabuni ya nodi ya ukaguzi, ile sehemu ya dikoda inayokagua kama kundi la biti linapatana, iwekeni pembeni kwanza. Ina logi na tanjenti haipaboliki, na kwenye laptopu inakwenda vizuri tu. Ndani ya chipu, tanjenti hiyo inageuka jedwali, na jedwali linakula kumbukumbu. Robert Gallager alichapisha misimbo hii mwaka 1962, mashine za wakati ule zikashindwa kuimudu; ilifufuka miaka ya 1990, na leo ndiyo inayobeba data za 5G.

Wanaotengeneza saketi hutumia njia ya namba ndogo. Tuseme nodi ya ukaguzi imepokea -3, +7, +2 na -9 kutoka kwa biti nne jirani: + ni kuelekea 0, - ni kuelekea 1, na ukubwa ni kiasi cha uhakika. Kila mmoja ajibiwe kwa kutazama wenzake tu: alama zao (+ au -) zizidishwe, ukubwa uwe ule mdogo kati yao. Majibu ni -2, +2, +3 na -2. Umeona? Ukubwa ni wa aina mbili tu. Kwa hiyo hifadhi namba ndogo ya kwanza, ya pili, mahali ilipo ile ya kwanza, pamoja na alama. Hata nodi ikiwa na majirani ishirini, basi.

Njia hii hujiamini kupita kiasi, ndiyo maana majibu hupunguzwa, mara nyingi kwa robo. Usiweke kizidishi hapo! Sogeza biti nafasi mbili kulia upate robo, kisha itoe kwenye jibu.

Sasa jambo linalowasumbua wengi: kufurika. Biti sita zenye alama huishia 31. Ukiongeza 1 bila kuzuia, unapata -32, yaani dikoda iliyokuwa na uhakika kuwa biti ni 0 sasa inaapa kuwa ni 1. Kosa halionekani kelele ikiwa kubwa. Hujitokeza mawasiliano yakiwa safi, pale usipolitarajia. Bana namba kati ya -31 na 31, pande zote sawa.

Kabla ya kugusa Verilog, lugha ya kuelezea saketi, andika modeli kwa lugha ya C yenye namba kamili zilezile na biti zilezile, kisha linganisha matokeo ya kila mzunguko wa dikoda, biti kwa biti. Na mbegu ya namba nasibu, ile namba ya kuanzia inayozalisha kelele ya jaribio, iandike kwenye faili: umeme ukikatika katikati ya jaribio, utairudia kelele ileile iliyokuangusha.