Re: Mpangaji kukatwa kodi ya jengo kwenye LUKU (umeme wa kulipia kabla), na diwani anaweza kuipunguza?

Mkuu, hiyo kodi ya jengo ya sh. 1,500 inayokatwa kila mwezi ni deni la mwenye nyumba, si lako. Umeme unaununua wewe, ndiyo maana inakupitia. Tunza zile SMS za LUKU, makato yanaonekana humo kwenye mchanganuo, halafu mwoneshe baba mwenye nyumba akupunguzie kwenye kodi ya pango. Kwa mwaka ni 18,000. Wengine watanuna, lakini haki yako ipo.

Sasa hili la kumbana diwani kikao cha bajeti ili ishuke: hapo unampigia mbuzi gitaa. Kiwango kimo kwenye Sheria ya Fedha, Bunge ndilo lililokitoa 12,000 hadi 18,000 mwaka 2023. Diwani mbane kwenye matumizi: mtaro, taa za barabarani, dampo. Hapo ana sauti, na afadhali umwahi kabla makisio hayajafungwa, maana mwaka wa fedha unaanza Julai 1.

Kama nyumba ina mita mbili na zote zinakatwa, mwenye nyumba aende TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania) na namba za mita, moja iondolewe kwenye makato.