Panga saa ya kugeuka kabla hujavaa viatu

Watu wakisikia kwamba navifuata vilele virefu kuliko vyote vya kila bara, swali la kwanza huwa ni baridi. Baridi ina nguo zake. Mimi nusura nimalizwe na ukaidi.

Tulikuwa Aconcagua, nchini Argentina, mita 6,961; nje ya Asia hakuna mlima unaoupita. Jioni ya mwisho kambini tuliafikiana kwamba ikigonga saa nane mchana, popote tulipo, tunageuka. Saa nane ikanikuta kwenye Canaleta, mkondo wa mawe yanayoteleza chini kidogo ya kilele, ambako unapiga hatua moja kisha unarudishwa nusu yake. Kilele nakiona kabisa. Nikasema dakika ishirini tu. Mwongozaji hakubishana, aliniuliza jina la kambi tuliyolala. Nikataja ya juzi yake. Akanishika mabega, akanigeuza kama mtoto, tukashuka. Nilimnunia siku mbili nzima.

Sasa najua kilichonipata. Oksijeni ni asilimia 21 ya hewa, ufukweni hata mlimani, ila kadiri unavyopanda kanieneo ya hewa, yaani mgandamizo wake, hupungua na kila pumzi hukuletea oksijeni pungufu. Kwenye kilele cha Everest, mita 8,849, unapata takriban theluthi moja ya ile ya usawa wa bahari. Ubongo ndio unaoanza kuyumba, na ubaya wake ni kwamba mwenyewe hujitambui. Kwa hiyo uamuzi wa kugeuka ufanye jioni, ukiwa na akili zako, umwambie mwenzako, na umpe ruhusa ya kukulazimisha.

Ukiona huo ni uoga, mtazame Ed Viesturs, mpanda milima wa Marekani. Mwaka 1987 aligeuka akiwa amebakiza kama mita 100 tu kufika juu ya Everest. Mwaka 2005 alikamilisha milima yote 14 inayozidi mita 8,000, bila mtungi wa oksijeni. Aliyeimaliza yote 14 wa kwanza kabisa ni Reinhold Messner, mpanda milima wa Italia, mwaka 1986, naye amegeuka njiani mara nyingi.

Jambo jingine: usifiche kichwa kinachouma. Nilikificha Elbrus, nchini Urusi, nikihofia kurudishwa, nikatapika usiku kucha. Maumivu ya kichwa pamoja na kichefuchefu yakianza, usipande tena hadi yaishe. Mtu akiyumba kama mlevi anapojaribu kutembea kisigino kwa kidole juu ya mstari mmoja, mshusheni saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane. Vidonge vina msaada wake, lakini tiba ni kushuka.

Ukipita mita 3,000, mahali pa kulala pasizidi pa jana kwa zaidi ya mita 500, na kila baada ya siku tatu au nne pumzika. Mchana panda juu zaidi, usiku rudi ulale chini. Waongozaji wa Kilimanjaro wanaposema "pole pole" nilidhani ni maneno ya kuwafurahisha wageni. Kumbe ndiyo kanuni yenyewe.

Anza na Kilimanjaro kama hujawahi kushika kamba. Njia zake za kawaida hazihitaji kamba. Denali, kule Alaska, iache kwanza, maana kule hakuna wapagazi na mzigo wako unauburuta mwenyewe kwa sleji, chombo cha kuteleza juu ya theluji. (Mabara ni saba; ubishi wa iwapo kilele cha saba ni Kosciuszko, Australia, au Carstensz, Papua nchini Indonesia, waachie wenye muda. Mimi nimechagua Carstensz kwa sababu Kosciuszko ni matembezi.)

Aconcagua nilirudi baada ya miaka miwili. Saa sita na nusu nilikuwa juu. Nikakaa dakika kumi, nikapiga picha mbili, moja imejaa kidole changu, tukaanza kushuka.